Bolti ikikatika mikononi mwa fundi, nani alipe?

Ugomvi huu unajulikana katika kila mtaa wa gereji, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, Katwe jijini Kampala na Gatsata jijini Kigali. Mwenye gari analeta gari kuukuu linalotetemeka kila linaposimama kwenye foleni. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, anasema mauntingi ya injini imekufa. Bei inakubaliwa: kipuri kiasi fulani, ufundi kiasi fulani, gari litachukuliwa jioni. Saa kumi alasiri fundi anapiga simu: "Bosi, bolti imekatika."

Kuanzia hapo hesabu zote hubadilika. Kazi ya saa mbili inakuwa kazi ya siku mbili. Inatakiwa drili, anatakiwa mtu wa kuchomelea, pengine fremu ya chini inayobeba injini lazima ishushwe. Gharama ya ufundi inapita bei ya kipuri chenyewe. Mwenye gari anaona kwamba fundi amevunja kitu chake, na sasa anataka alipwe kwa kukivunja. Fundi naye anaona kwamba bolti ilikuwa imeliwa na kutu muda mrefu kabla gari halijafika kwake, na kwamba anabebeshwa lawama isiyo yake.

Kufokeana ni sehemu ndogo ya tatizo. Hatari kubwa ni pale fundi anapoamua kunyamaza. Akijua kwamba simu hiyo itamletea matusi na kukatwa fedha, anaweza kufunga bolti tatu badala ya nne, akapaka grisi juu ya tundu lililobaki na kisiki cha bolti ndani yake, kisha akamkabidhi mteja funguo. Mteja anaondoka akiwa ameridhika, na kesho yake anabeba familia kwenda kijijini. Kwa hiyo swali la nani alipe ni swali la usalama barabarani.

Jibu la haki ni hili: gharama ya bolti iliyoliwa na kutu ni gharama ya gari, kwa hiyo ni ya mwenye gari, mradi fundi alimweleza mapema na akafanya kazi kwa njia sahihi. Na mahali pa kulimaliza jambo hilo ni kabla spana haijagusa bolti ya kwanza.

Ili kuona kwa nini, ni vyema kukumbuka kazi ya kipuri chenyewe. Mauntingi ni raba iliyoshikwa katikati ya vyuma. Upande mmoja hufungwa kwenye injini, upande wa pili kwenye bodi au fremu ya chini. Hubeba uzito wa injini na humeza mtetemo wake. Magari mengi madogo yana mauntingi tatu au nne. Injini ndogo pamoja na gia boksi yake huzidi kilo 100, na uzito huo hautulii. Dereva akikanyaga mafuta, injini hujipinda upande mmoja. Akirudi nyuma, hujipinda upande wa pili. Gari likiingia shimoni, uzito wote hudunda. Nguvu zote hizo hupita kwenye bolti chache, nyingi zikiwa nyembamba kuliko kidole cha mtu mzima.

Bolti moja ikikosekana, zilizobaki hubeba mzigo usio wao. Injini huanza kucheza. Bomba la moshi hupasuka kwenye maungio, mipira ya maji na ya mafuta huvutwa, waya husuguana na chuma, shafti za magurudumu hufanya kazi kwa pembe isiyo yake. Dereva husikia mlio wa kugonga kila anapotoka kwenye gia ya kurudi nyuma kwenda mbele, anauzoea, na siku moja anashangaa kwamba kasoro ndogo imezaa kasoro nne kubwa.

Kutu hiyo hutoka wapi? Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea Kenya, Uganda na Tanzania yalitumika kwanza Japani. Mikoa ya kaskazini mwa nchi hiyo, ukiwemo Hokkaido, hupata theluji nyingi, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo iliyochanganyika na maji hurushwa na magurudumu hadi chini ya gari na kujificha kwenye kila kona. Nchi nyingi za Ulaya hufanya hivyo hivyo, na magari ya usukani wa kushoto yanayotoka huko yana hadithi ile ile. Gari likishuka Mombasa au Dar es Salaam, linaweza kuwa linang'aa juu huku chini lina majira kumi ya baridi.

Wapo pia wanaoipata kutu hapa hapa. Gari lililokaa miaka kumi Unguja, Lamu au Tanga hupumua hewa ya bahari usiku na mchana. Lililopita kwenye barabara zilizofurika maji wakati wa masika hubaki na matope yenye unyevu juu ya fremu kwa wiki nzima. Kisha linauzwa bara. Fundi wa Bujumbura au wa Mbarara, ambaye hajawahi kuona theluji wala kuishi karibu na bahari, anakutana na kutu ya Hokkaido na ya Mombasa chini ya gari moja. Bidhaa nyingine husimamishwa mpakani ili zikaguliwe na kulipiwa. Kutu huvuka Namanga, Malaba na Rusumo bila kuulizwa swali.

Ndani ya tundu la bolti, kutu hufanya kazi kimyakimya. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo hujaza mwanya kati ya nyuzi za bolti na nyuzi za nati hadi vitu viwili vinakuwa kama kimoja. Pale bolti ya chuma inapoingia kwenye kishikio cha aluminiamu, kama ilivyo kwenye injini nyingi za kisasa, hali huwa mbaya zaidi: metali mbili tofauti zikiloweshwa na maji ya chumvi, aluminiamu huliwa haraka na unga wake mweupe huibana bolti. Aidha, nati nyingi za mauntingi zimechomelewa ndani ya fremu, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi huona kichwa cha bolti tu, na kichwa kinaweza kuwa kisafi ilhali shina limebaki nusu ya unene wake.

Hapo ndipo tofauti ya fundi na fundi huonekana. Anayejua kazi huanza siku moja kabla. Husugua nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya, hupulizia mafuta ya kulegezea kutu, huacha, hurudia jioni, na huiacha kazi ilale. Asubuhi huibeba injini kwanza, kwa winchi kutoka juu au kwa jeki yenye kipande cha mbao kinachotandaza uzito chini ya sampu, na gari lenyewe huliweka juu ya stendi imara. Hakuna mtu anayepaswa kulala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kisha huchagua soketi ya pembe sita inayokaa barabara, kwa sababu soketi ya pembe kumi na mbili huteleza na kuvila vichwa vilivyokwisha kulika. Hujaribu kwanza kukaza kidogo sana, ili kuvunja ule ukoko wa kutu, ndipo afungue. Bolti ikisogea robo mzunguko na kukaza tena, hairazimishi mbele. Huirudisha, huongeza mafuta, huenda na kurudi. Mkono wake humwambia mengi. Bolti inayokubali hulia na kuachia. Bolti inayotaka kukatika hailii. Huvutika kama mpira, na fundi makini husimama hapo hapo.

Moto nao unasaidia, kwani nati ikipashwa hutanuka na kuachana na bolti. Lakini moto hauna msamaha. Karibu na mauntingi kuna raba, kuna mipira ya petroli, kuna waya, na kuna yale mafuta ya kulegezea kutu ambayo hushika moto. Anayetumia gesi bila kufuta mafuta hayo, bila kuondoa au kukinga kilicho jirani, na bila mtungi wa kuzimia moto karibu, anahatarisha gari zima kwa sababu ya bolti moja.

Bolti ikikatika licha ya yote hayo, bado kuna njia. Kisiki kikichomoza, huchomelewa nati juu yake; joto la kuchomelea lenyewe husaidia kukilegeza, na baada ya kupoa hugeuzwa taratibu. Kabla ya kuchomelea, betri hutolewa ili kompyuta ya gari isiungue. Kisiki kikiwa kimezama, hupigwa alama katikati kabisa, hutobolewa kwa drili nyembamba kisha nene, na nyuzi husafishwa au huchongwa upya kwa tapi. Nati iliyochomelewa ndani ya fremu ikiachia na kuzunguka bure, hukatwa dirisha dogo ili ifikiwe, kisha dirisha hufungwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Kazi hizi zote zinawezekana katika gereji ya kawaida. Zinachohitaji ni muda, na muda ndicho kitu ambacho wateja wengi hawataki kukilipia.

Hapa ndipo makubaliano ya mapema yanapokuwa na thamani. Fundi akague chini ya gari akiwa na mwenyewe, apige picha za bolti kwa simu, kisha ataje bei mbili: bei ikiwa bolti zote zitafunguka salama, na bei ikiwa moja au zaidi itakatika. Ataje pia muda wa kila hali. Ujumbe mfupi wa simu wenye maneno hayo na jibu la "sawa" unatosha kuwa mkataba. Mwenye gari akikubali, bolti iliyokatika kwa sababu ya kutu ni juu yake. Akitaka gari jioni hiyo hiyo bila mafuta kulala usiku, haraka hiyo nayo ni juu yake.

Kwa upande wa pili, yapo ambayo fundi hawezi kumtwisha mteja. Kichwa cha bolti kilichovilingwa na soketi isiyo saizi yake ni deni la fundi. Bolti iliyokatwa kwa bomba la mita moja lililovishwa kwenye spana, bila tone la mafuta wala subira, ni deni la fundi. Mpira uliounguzwa na gesi ni deni la fundi. Na kuficha bolti iliyokatika kunapaswa kuhesabiwa kuwa kosa kubwa kuliko kuikata, kwa kuwa aliyekata amepoteza bolti, ila aliyeficha ameyaweka rehani maisha ya watu.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huu utawapa mafundi walaghai kisingizio: kila bolti itakuwa "imekatika kwa kutu". Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni rahisi. Bolti iliyokatika iwekwe kwenye mfuko na kukabidhiwa kwa mteja. Iliyoliwa na kutu hujieleza yenyewe: sehemu iliyovunjika huwa na weusi au wekundu wa zamani, na shina lake huwa limepungua. Iliyokatwa kwa nguvu tu huonyesha chuma king'aavu mwanzo hadi mwisho na shina lililosokotwa. Si ushahidi wa mahakamani, lakini unatosha kwa watu wawili wanaozungumza kwa nia njema. Mlaghai tayari anao uhuru wote wa kudanganya chini ya utaratibu wa sasa usio na picha wala bei mbili.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye gari na fundi wote hulipuuza, nalo ni bolti mpya. Kichwani mwa bolti nyingi kuna namba, kama vile 8.8 au 10.9. Namba hizo hueleza uimara wa chuma. Kadiri zinavyokuwa kubwa, ndivyo bolti inavyovumilia mvuto mkubwa zaidi. Baadhi ya magari ya Kijapani hubeba alama zake za namna hiyo. Bolti ya dukani isiyo na alama yoyote, iliyotengenezwa kwa ajili ya geti au meza, inaweza kuingia vizuri kwenye tundu la mauntingi na kukatika baada ya mwezi. Kununua kipuri cha gharama kisha kukifunga kwa bolti isiyojulikana ni kubana matumizi mahali pabaya. Nyuzi zipakwe kiasi kidogo cha grisi maalumu ya kuzuia kutu, na ikumbukwe kwamba nyuzi zilizopakwa grisi huteleza, hivyo zikikazwa kwa nguvu ile ile bolti hubanwa kupita kiasi.

Suluhisho la gereji pekee halitoshi, kwa sababu kutu inaingia kanda hii kwa njia ya sheria. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari ya miaka 15 na zaidi tangu yatengenezwe. Tanzania haikufunga mlango, bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Nchi tatu jirani, soko moja, na kila moja na hesabu yake. Lakini zote tatu zina kipimo kimoja: umri wa gari kwa miaka.

Mwaka ni kipimo rahisi, ila hausemi kila kitu. Gari la miaka 7 lililoishi kwenye theluji linaweza kuwa na chini mbovu kuliko la miaka 16 lililoishi kwenye mji mkavu. Kwa kipimo cha mwaka, la kwanza hupita na la pili hukataliwa au huadhibiwa. Kenya kupitia KEBS na Tanzania kupitia TBS zina utaratibu wa kukagua magari yaliyotumika, na hilo ni jema. Hata hivyo, matokeo ya ukaguzi huo hubaki kwenye faili la mwingizaji wa kwanza. Mnunuzi wa tatu, aliyelinunua gari Arusha akalihamishia Kisumu, hana picha hata moja ya chini ya gari lake.

Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaweza kulirekebisha hili bila gharama kubwa. Kila gari lililotumika linapokaguliwa, picha za fremu ya chini, za mauntingi na za mabomba ya breki ziambatane na cheti, na cheti hicho kisomeke kwa namba ya chasisi katika nchi yoyote mwanachama. Karatasi za minada ya Japani tayari zina alama za kutu: herufi S humaanisha kutu, na C humaanisha kutu iliyokwisha kula chuma. Mwagizaji alazimishwe kumwonyesha mnunuzi karatasi hiyo pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili au Kiingereza. Mnunuzi akijua mapema kwamba gari lina kutu chini, atashusha bei, ataweka akiba ya matengenezo, au ataliacha.

Fundi naye asisahauliwe. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na chini yake wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wamepata makubaliano ya kutambuana kitaaluma. Makubaliano hayo hayamgusi fundi makanika. Tanzania, kupitia VETA, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Kenya ina majaribio ya ufundi yanayosimamiwa na NITA. Kijana aliyejifunza chini ya mwembe Mwanza na akafaulu kipimo hicho anapaswa kutambuliwa Kisumu au Jinja bila kuanza upya. Na kipimo chenyewe kijumuishe swali la bolti yenye kutu: ataitoaje, atamwambia nini mteja, na atafanya nini ikikatika.

Wengine hupendekeza njia ya mkato: magari makuukuu yapigwe marufuku kabisa na kutu itaondoka nayo. Pendekezo hilo linamsahau mwalimu anayeendesha gari la mwaka 2003, mchuuzi anayepakia nyanya kwenye Probox kabla ya alfajiri, na muuguzi wa zamu ya usiku asiyekuwa na basi la kumrudisha nyumbani. Wao hawakuchagua gari kuukuu kwa mapenzi, ndilo walilolimudu. Kuwanyang'anya hakutawapa jipya. Kinachowafaa ni gari kuukuu linalojulikana hali yake, fundi asiyeogopa kusema ukweli, na bei inayotajwa mapema.

Wakati serikali zinatafakari, mwenye gari hana haja ya kusubiri. Maji baridi yasiyo na chumvi, yakirushwa chini ya gari kila baada ya safari ya pwani au ya mafuriko, huondoa sehemu kubwa ya adui. Bolti za mauntingi zikipuliziwa mafuta kila gari linapobadilishwa oili, siku ya kuzifungua zitakuwa na nafasi kubwa ya kufunguka nzima. Na fundi akisema, "Bosi, niachie gari lilale hapa leo," jibu la busara ni kumwachia.